Kanda Moja Iliyorudi: Kwa Baba Yetu Melkiory wa Radi Kavu, Bugomora

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu tukulaze kibanjani, kando ya migomba uliyoipanda kwa mikono yako. Ilikuwa Julai, kahawa imeanikwa uani, nawe hukuwahi kuiona ikikauka.

Wengi walikujua kama mkulima mpole, mtu asiyepita kwa jirani bila kuuliza watoto wameamkaje. Wachache walijua kuwa ujana wako uliishia kwenye gitaa la umeme ulilolibeba kutoka Murongo. Wewe na Habumugisha, mpiga dramu wako, mlijiita Radi Kavu. Mwaka 1983 mlirekodi kwenye stoo ya kahawa, kwa betri ya lori na redio kaseti moja: roki nzito, inajikunja na kupaa kama moshi wa jikoni. Spika ilikuwa imechanika. Ulikataa kuibadilisha. "Hapo palipochanika ndipo muziki unapotokea," ulisema.

Hakuna kituo cha redio kilichopiga nyimbo zenu hata siku moja. Zilibaki kanda nne, bila nakala.

Ulizifukia ndani ya gunia la kahawa kavu, maana mvua za kwetu huotesha ukungu hata kwenye viatu. Kila msimu, kabla gunia halijashonwa, ulizamisha mkono hadi kwapani ukazitoa. Msimu uliopita mkono huo haukuwepo. Gunia alilishona Edith, binti yako wa mwisho, ana mimba ya miezi saba, macho yamevimba kwa kulia. Alikuja kuzikumbuka kanda siku ya tatu. Lori la kahawa lilikuwa limeshaondoka.

Hakupata usingizi, Baba. Alijiona amekuzika mara mbili. Alipojifungua akambeba Vero mgongoni, akaenda ghalani, kahawa inakokobolewa, kuuliza, akarudi, akaenda tena. Safari ya tano mpagazi mmoja, Nizigiyimana, akamwambia, "Pole, dada. Tatu zilisagika kwenye mashine ya kukoboa. Hii niliiweka dirishani, nikasema mwenyewe atakuja."

Jumapili iliyopita Habumugisha alileta redio yake. Tukakaa stooni. Kanda ikatoa mvumo tu, mrefu, Edith akainamisha kichwa. Halafu gitaa lako likalia, limechanika vilevile, na katikati yake sauti ya msichana wa siku zile ikapenya kutoka mlangoni: "Ng'ombe gani anazaa humo?"

Nawe ukajibu huku unacheka, "Anazaa pacha, Stephania. Subiri!"

Mama alijifunika uso kwa kanga. "Si nasubiri," akasema.

Vero, ambaye hukumwona, aligeuza shingo kukutafuta. Edith akairudisha kanda nyuma, ili mtoto akusikie tena.

Unakumbukwa na mkeo Stephania. Wanao Projest, Costansia na Edith. Mjukuu wako Vero. Na Habumugisha, ambaye bado anapiga meza kwa vidole akidhani hatumwoni.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba, wala kukusikiliza.