Kimya cha Getini Ukonga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, wazee wastaafu wa reli, wajane wa wenzao, majirani zangu wa zamani: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Kabla hatujaamua njia yetu ya matembezi ya kuwakumbuka wafanyakazi wa reli ianzie wapi, niruhusuni niwasomee barua niliyomwandikia marehemu baba yangu, aliyekuwa mlinzi wa geti la reli hapa Ukonga.

Mpendwa Baba,

Mgeni angedhani nyumba yetu ina msiba kila treni ilipopita. Vijiko vilitua, maneno yakakatika katikati, kwa kuwa wewe, hata siku yako ya mapumziko, ulikuwa ukisikiliza kama kuna gurudumu linalogonga vibaya. Behewa la mwisho likishapita ulisema, "Mzima huyo," nasi tukaendelea kula. Mama akakucheka: "Wenzangu wana wake wenza wenye miguu, mie wangu ana magurudumu!"

Nakukumbuka getini, bendera nyekundu mkononi, vijana wa bodaboda wakikupigia honi. "Mzee Bendera, tufungulie bwana, abiria atanikimbia!" Nawe, bila kugeuka: "Kawia ufike, mwanangu." Walikununia asubuhi, jioni wakakuamkia.

Sasa naishi Goba, Baba, kilimani, kusiko na reli. Mama alikufuata, wadogo zangu wametawanyika. Juzi nilijikuta nimeshika kijiko hewani, nimenyamaza, nangoja behewa la mwisho la treni isiyokuwapo. Hapakuwa na wa kusema, "Mzima huyo." Chakula kikapoa.

Kamati yetu imependekeza njia ianzie stesheni na kibanda chako cha ulinzi pale getini kibomolewe, kwani "ndani hamna cha kuonyesha." Ni kweli, hamna. Kazi yako ilikuwa watu wafike kwao, na waliofika salama hawaachi alama relini.

Kwa hiyo nawageukia hawa walioketi mbele yangu. Natoa hoja: kibanda kibaki, kiwe kituo cha kwanza, na kila atakayeitembea njia hii asimame pale, treni ikipita, anyamaze hadi behewa la mwisho. Mkutano uamue kwa kunyoosha mikono, sasa, kabla mtu hajanyanyuka. Nimenyamaza peke yangu vya kutosha.

Wakinyoosha mikono, Baba, lala. Zamu yako imepokewa.

Mwanao wa kwanza