Hudihudi Hakupewa Mkono

Wifi yangu Zuwena,

Nakusalimu haraka, kabla kaka yako hajazimaliza salamu zote huku Kuprosi.

Leo alfajiri tulikwenda kutazama ndege pamoja na Waingereza. Tukajibanza kichakani, hata kukohoa marufuku. Kiongozi akanong'ona kwamba hudihudi yuko karibu. Ndiyo, yule yule anayedonoa chini ya migomba yenu huko Omani, Birkat al Mauz, nawe ukamfukuza kwa kandambili. Wenzetu wamemfuata kutoka London.

Akatua. Darubini zote juu. Hapo kaka yako, tuliyemwacha garini akitafuta dele lake la kahawa, ndipo akatokea. Unamjua, hawezi kufika penye watu akakaa tu. "Asalaam alaykum," kwa sauti ya msikitini, kisha akaanza kuwapa mkono kuanzia kulia, mmoja mmoja, hali yako, watoto hawajambo. Alipomfikia wa tatu, ndege keshakwenda zake. Kiongozi nusura alie. Kaka yako akamtilia kahawa.

Baridi ikianza, hudihudi atarudi huko kwenu. Weka kandambili chini, umwambie kwamba kaka yako anamtaka radhi, zamu yake ya kupewa mkono haikufika.

Nakupenda, na kimya cha nyumbani kwako nakitamani.

Wifi yako,
Rayya