Kwa Mama Hamahama, Kuhusu Kabati

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu uliposogeza kabati la vyombo kwa mara ya mwisho.

Majirani walikuita Mama Hamahama, nawe uliitika bila kinyongo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ulijifunga kitambaa kichwani ukatuamuru, "Haya, kila mtu ashike upande wake!" Makochi yakaenda dirishani, meza ikaja mlangoni. Baba akitoka kuoga alikaa pale kiti chake kilipokuwa jana, pu! sakafuni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alijizoazoa akisema, "Mke wangu, siku moja utanihamisha hata mimi." Ukamjibu, "Wewe mzito, utabaki."

Tunakumbuka ilivyoanza. Kwa miaka kumi na tisa ulipokea simu za hospitali, ukiwatuliza watu waliouliza habari za wagonjwa wao. Kisha ikaletwa mashine inayojibu yenyewe, nawe ukapewa barua ya kuachishwa kazi. Ulirudi nyumbani, ukalia mpaka ukatosheka, ukanawa uso, ukahamisha sebule nzima. "Mkizoea mno pa kukaa," ulituambia, "siku pakiondolewa mtavunjika."

Mwezi uliofuata ulikwenda kujifunza kushona makochi kwa fundi wa umri wa wanao. Kochi lako la kwanza ulilifunga vizuri sana, mkasi ukiwa ndani. Lilifumuliwa lote. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," ulisema, ukicheka kuliko sisi.

Lakini hukutufundisha tufanyeje siku utakapoondolewa wewe. Uliugua siku tatu tu, Jumatano ukatuacha. Baba akakataza chochote kisiguswe. Mwaka mzima alipita ubavu nyuma ya lile kochi uliloliweka kwenye mlango wa uani ukisema ni la muda. Aliacha kula mezani, kisha akaacha kutoka. Shangazi alimsihi, "Kaka, angalau hili kochi." Akamwambia, "Nikilisogeza, ndiyo ameondoka kweli." Tuliogopa, Mama. Tulidhani tutawapoteza nyote wawili.

Jumamosi iliyopita tulisikia kishindo sebuleni. Tukakimbia tukijua Baba ameanguka. Tulimkuta amelikumbatia kabati, jasho linamtoka, vyombo vinagongana ndani.

"Mnanitazama nini?" akafoka. "Kila mtu ashike upande wake!"

Limekwenda dirishani, ambapo halifai hata kidogo. Sebule nzima imekuwa giza. Baba anasema ni la muda.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye ni mzito kama ulivyosema, binti zako wawili na kitinda mimba wako, mkweo, aliyeshika upande wa droo, wajukuu zako, wifi yako, na fundi wako, ambaye mpaka leo hafungi kochi kabla ya kuuona mkasi.

Daima tutakukumbuka, Mama, hasa tukijigonga vidole.