Mbalamwezi Hii Unasubiri Mtumbwi Gani

Jumatatu, 18 Septemba

Mitumbwi imerudi mapema, imejaa. Nimeanika dagaa tangu alfajiri, mgongo umekufa ganzi. Wakikosa jua siku moja wananuka, kwa hiyo hakuna kuketi. Mama amelala mpaka saa mbili katikati ya matenga, kajifunika kitenge changu. Hakuna aliyeuliza. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wanawake wote wa dagaa hulala hapa ufukweni Kibirizi kusubiri mitumbwi. Tofauti ni moja. Wao wakimaliza kuanika wanakwenda kwao. Sisi tunahama kutoka kivuli hiki kwenda kile.

Nyumba yetu ya Ujiji imo ndani ya ziwa tangu maji yapande. Umebaki ukuta wa choo tu juu ya maji, ndege wanautumia. Chumba cha kupanga tulitolewa mwezi wa saba. Nimechoka kuyafikiria haya.

Jumatano, 20 Septemba

Gari la matangazo limepita. Amri mpya: marufuku kulala stesheni, stendi, sokoni na ufukweni. Mji uwe safi. Atakayekutwa atarudishwa kwao. Wenye kazi za usiku ruksa.

Mama kauliza, kwao ni wapi kama kwako kumezama? Gari halina masikio. Nimecheka, halafu nikarudi kugeuza dagaa.

Bi Tatu, mkubwa wetu pale kwenye vichanja vya kuanikia, kasema tusitishike. Sisi ni watu wa kazi. "Sisi." Sijasikia neno tamu kama hilo wiki nzima.

Jumamosi, 23 Septemba

Mgambo wamepita alfajiri. Bi Tatu kawajibu kwa niaba ya wote, kwamba tunasubiri mitumbwi. Wakaondoka. Kule stesheni wamembeba mzee aliyekuwa akilala kando ya ukuta na mkokoteni wake. Mkokoteni umebaki. Nimefurahi kwamba hatukuwa sisi. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Mwezi unakua. Dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi na mvuvi hatoki. Miaka yote nilipenda mapumziko ya mbalamwezi. Safari hii nautazama huo mwezi naona unakuja kunichongea.

Jumanne, 26 Septemba

Mitumbwi imevutwa mchangani. Kimya. Wavuvi wanashona nyavu na kubishana mpira. Wanawake wamefunga matenga yao, wamekwenda.

Bi Tatu kaniuliza mbona sifungi. Nikamwambia nasubiri mpwa wangu aje na bajaji, atupeleke kwake Mwanga. Sina mpwa Mwanga. Mama kanitazama. Bi Tatu naye kasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Kiburi tu. Nimefanya naye kazi miaka mingi, sitaki anione hivi.

Jumatano, 27 Septemba

Nimepata akili, au wazimu. Nimeokota makombo ya dagaa kwenye nyufa za vichanja, nikayaloweka ziwani, nikayaanika. Nikageuza na kugeuza. Mgambo kapita, mgeni huku, kwa lafudhi yake mtu wa pwani. Kanipa pole na kazi, akaendelea.

Nimeshinda! Jioni nimewaloweka tena wale wale. Mama kasema hata dagaa watanichoka. Tumecheka mpaka nikakohoa.

Alhamisi, 28 Septemba

Leo wamekuja wawili. Yule wa pwani, na mwingine mtu mzima wa hapa hapa, mtoto wa wavuvi. Kamwamkia Mama shikamoo. Kachukua dagaa mmoja, kamvunja, kamnusa. Kanigeukia mimi.

"Dada, mbalamwezi hii unasubiri mtumbwi gani?"

Hakusema kwa ubaya. Hakuna aliyezaliwa kando ya ziwa hili asiyejua kwamba mbalamwezi mitumbwi haitoki.

Mama akasimama kabla yangu. "Mimi ndiye sina pa kulala, mwanangu. Kwetu Kalinzi, kule juu milimani. Huyu simjui. Ni mtu wa kazi, hunigawia ugali tu."

Tuna pua moja, mimi na Mama. Yule mtu mzima katutazama mmoja mmoja. Kamshika Mama mkono, kampandisha taratibu kwenye gari lao.

Na mimi nikanyamaza. Nikashika ufagio. Nilijua nikifungua mdomo tutachukuliwa wote, kazi itapotea, na bila kazi tumekwisha. Nilifikiri vizuri kabisa. Natamani ningekuwa mjinga.

Ijumaa, 29 Septemba

Mwezi mpevu. Sijala. Usiku nilijificha nyuma ya mitumbwi, asubuhi nimekwenda kuuliza ofisini kwa mgambo. Karani kauliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani.

Jirani!

Kapelekwa kwao Kalinzi, kasema, akafunga dirisha. Shamba la babu kule liliuzwa kabla sijaolewa. Mama anajua. Alitaja Kalinzi kwa sababu ilibidi ataje mahali.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Tatu. Nimemwambia yote, huku nalia kama mtoto. Kanisikiliza akisonga ugali, hakuuacha mwiko.

"Mficha uchi hazai," kasema. Halafu kanionyesha chumba cha nyuma. Magunia ya dagaa, na kitanda cha kamba. Kiko tupu tangu binti yake aolewe.

"Siku ile nilipokuuliza mbona hufungi, ulidhani nauliza nini?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nimelala chini ya bati kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Usingizi haukuja.

Jumapili, 1 Oktoba

Kalinzi. Baridi. Bodaboda kanipandisha, Bi Tatu kalipa.

Nimempata Mama. Walionunua shamba la babu wamemlaza jikoni karibu na mafiga. Watu wema, wanamwita bibi. Miguu imevimba, maana gari lilimshusha sokoni na huku kapanda mwenyewe kwa miguu.

Nimemwambia tuna chumba, Bi Tatu katupa. Kafurahi. Kasema nikalale, yeye hashuki. Garini walimwambia akikutwa tena mjini ni mahakamani. Nikamwambia hatakutwa, tutakuwa ndani. Akatikisa kichwa. Mlango wa mtu ni wa mtu, kasema, leo umefunguliwa, kesho utafungwa.

"Kukukana mara moja nimeweza," kasema. "Wakija tena sitaweza."

Mama mwenye nyumba katuletea ungo wa maharage tuchambue. Bodaboda akapiga honi barabarani. Nikatoka, nikamwambia aende, na mimi sishuki.

Nikarudi nikakaa kwenye kigoda, upande wa pili wa ungo. Tumechambua mpaka yakaisha.