Boksi Moja, Maduka Tisa

Kharumwa,
Jumapili.

Dada Febronia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na uvimbe wa mguu wa Baba uwe umepungua. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo nina hasira, tena yenye woga. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu niliyo nayo ni ya mradi.

Kazi yangu unaijua: kuzunguka maduka ya dawa nikipima kama programu ya simu inawasaidia wauzaji kutambua dawa bandia. Muuzaji anaskani msimbo wa boksi. Ikiwaka kijani, dawa ni halisi. Lakini wachimbaji wa huku hawanunui boksi. Wananunua vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, msimbo unabaki dukani.

Jumanne nilikuwa dukani kwa Mageni. Akaingia Salome, anayeponda mawe machimboni, mtoto mgongoni. Dozi ya malaria aliyomnunulia hapo ilikwisha siku mbili kabla, na alfajiri hiyo mtoto alishikwa na degedege. Hakupiga kelele. Aliniuliza mimi niliyevaa fulana ya mradi: "Simu yenu iliwaka kijani. Mbona mwanangu bado anaungua?"

Mtoto amelazwa. Jana alianza kunywa uji.

Nilifungua kumbukumbu za simu ya duka. Boksi moja limeskaniwa mara mia mbili na kumi na tatu. Vidonge vya Salome, Mageni alikiri, vilitoka kwenye kopo lisilo na jina.

Nilimwonyesha bosi wangu, Wilbard. Akawaambia wenzangu kwamba msomi wetu anaogopa boksi tupu, wakacheka. Kisha akanigeukia: "Tunapima simu, kijana. Hatupimi dawa." Ripoti inasema programu imefaulu, na kesho anataka saini yangu. Dada, nilitamani kuichana mbele ya uso wake. Nikasema, sawa bosi.

Na hili sijamwambia mtu. Ujanja wa boksi niliuleta mimi. Mwezi wa kwanza wauzaji hawakuskani, takwimu zangu zikawa haba, nikahofia mkataba. Nikamshauri Mageni abakize boksi moja kaunta, awe analiskani kila anapouza. Nilizunguka na ushauri huo maduka tisa.

Leo baada ya misa nimempelekea mfamasia wa wilaya maelezo yote, pamoja na majina ya maduka hayo. Juu kabisa nimeandika jina langu. Huenda nikafukuzwa, huenda nikashtakiwa. Mwambie Baba kabla hajasikia kwa watu, na usimpunguzie hata neno.

Wabusu wanao. Mniombee, lakini anzeni na mtoto wa Salome.

Mdogo wako,
Marcelino