Vitoto vya Mistari

Baba,

Usiguse kasha la mayai, mawili bado hayajaanguliwa. Nyoka wetu jike mbadilishie maji, na mlango ufunge wewe mwenyewe, maana mimi siaminiki.

Dume tuliyempandishia mwaka huu ni mweupe pe kama yeye mwenyewe, na vitoto leo asubuhi vimetoka na mistari. Ukanigeukia mbele ya mteja, eti nimechanganya mayai. Na ya nani, Baba? Nyumba nzima tuna jike mmoja!

Nimempigia daktari wa mifugo. Anasema nyoka jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwaka mzima, hata zaidi, ndipo azitumie. Hao ni watoto wa yule dume wa mistari tuliyemwazima mwaka jana. Ukitaka weupe kwa uhakika, tafuta jike mweupe ambaye hajawahi kupandwa. Mteja mweleze hivyo hivyo.

~~Leo sirudi.~~ Nitarudi jioni. Chakula kipo jikoni, kipashe moto.

Jike kaweka mbegu tumboni mwaka mzima. Wewe neno moja limekushinda kuliweka tumboni mpaka mteja atoke getini.

Binti yako, mchanganya mayai