Ukurasa Ambao Bibi Hakutaka Kuufunga

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anaumwa mgongo kwa kuinamia cherehani, na Bibi magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Mimi nimechoka tu, na uchovu wenyewe ndio ulionishikisha kalamu.

Ule ukumbi wa kuchati niliouweka kwenye tovuti ya Mama haupo tena. Nimeufuta mwenyewe.

Tovuti yetu haikai peke yake kwenye seva, ile kompyuta ya kampuni inayoihifadhi. Ni kama nyumba ya wapangaji wengi wenye bomba moja. Programu yangu ilikuwa inaiuliza seva kila sekunde kama kuna ujumbe mpya, na iliuliza hivyo kwa kila simu iliyoacha ukurasa wazi. Nilidhani watu wataingia, watasalimiana, watatoka. Niliisahau familia yetu. Kwetu mtu haondoki bila kuaga, na ambaye kwaheri yake haijajibiwa hukaa akingoja. Basi simu kumi na tisa zilishinda wazi kutwa, na maji yote ya bomba yakawa yetu.

Jumatatu kampuni inayotuhifadhia tovuti ikaifunga yote, pamoja na picha za sare za shule ambazo wateja wa Mama huzitumia kuchagua. Wakatupa muda mpaka Ijumaa tuondoe programu, la sivyo watatutoa kabisa. Niliwaomba nipunguze, simu ziulize kila nusu dakika. Wakajibu kwamba programu za aina hiyo haziruhusiwi kwenye seva ya pamoja.

Mama hakunigombeza. Alikaa na utepe wake wa kupimia shingoni, akiitazama simu isiyolia. Shangazi ndiye aliyesema, "Fundi wetu wa kompyuta kamfungia mama yake duka bila hata kufuli." Nilicheka, kisha nikaenda kulia bafuni.

Kurasa zilizo wazi zingeendelea kuiuliza seva hata nikifuta programu, kwa hiyo nikaomba zifungwe. Wengine wote walikubali kufunga kurasa zao. Bibi alikataa. Kwenye simu yake maneno ya zamani yalikuwa bado yanaonekana, naye akaniuliza, "Nikifunga, na yule akirudi je? Si alisema anarudi?"

Yule ni wewe, Kaka. Ujumbe wako wa mwisho ni wa mwezi wa tatu: "Bibi, ngoja kidogo, narudi sasa hivi."

Sikulaumu. Najua kazi za zamu zinavyomla mtu. Ijumaa asubuhi niliyanakili mazungumzo yote kwenye daftari, nikamsomea Bibi, ndipo akanipa simu niufunge ukurasa wake. Tovuti imerudi, na jana mteja alipiga kuuliza sketi. Mimi najifunza namna nyingine, isiyogongagonga mlango wa seva kila mara. Huenda nikaiweza likizo ijayo.

Lakini Bibi bado anakaa na simu mapajani. Namba yake ni ileile. Mpigie mchana wowote, hata kama ni kumuaga tu.

Mama anakusalimu, na Shangazi pia, pamoja na utani wake. Bibi anakuombea kazi yako iwe nyepesi na njia ya kurudi iwe fupi.

Kwaheri siandiki mpaka unijibu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wa Kompyuta